Kiambata cha mmea ni nini, na figo za mwenye sukari zinahusikaje

Juzi nilienda soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, na baba mdogo kununua dagaa, tukakuta jamaa kapanga chupa za maji za lita moja na nusu juu ya turubai, ndani kuna kitu cheusi cheusi kama chai iliyolala, juu kaandika kwa makapeni SUKARI NA FIGO. Baba mdogo ana sukari mwaka wa kumi na moja huu, akasimama. Jamaa naye hakuchelewa, "mzee wangu hii ni mizizi mitupu, haina kemikali hata moja".

Sasa hapo kwenye kemikali ndo penye mambo yote. Mmea wenyewe ni kemikali tupu jamani. Ule ukali wa pilipili ni kemikali inaitwa kapsaisini, rangi ya manjano ya bizari ni kurkumini, na hizo moja moja ndo zinaitwa viambata. Mzizi mmoja unaweza kuwa na viambata mamia, kimoja dawa, kingine sumu, vingi wala havina habari na wewe. Kwa hiyo ukisikia watafiti wanasema viambata vya mimea kwa ajili ya figo, hawaongelei kuchemsha mizizi, wanaongelea kitu kimoja kilichotolewa humo kikasafishwa kikapimwa kwa miligramu ndo mtu akapewa.

Figo nayo ichukulie kama nyavu. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, damu inapita, maji na taka vinatoka, protini inayoitwa albumini inatakiwa ibaki. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, na presha ikiongezea, zile nyavu zinachakaa, na mvuvi yeyote wa hapa anajua nyavu ya dagaa ikitoboka nini kinatokea. Albumini inaanza kupita kwenye mkojo, baadaye unaona povu ambalo haliishi. Ubaya ni kwamba mwanzoni huumwi popote, unakamatwa na kipimo cha mkojo tu, albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo) na ikaendelea hivyo miezi mitatu, hapo figo imeshaguswa.

Kiambata ninachokipenda mimi ni florizini. Kilitolewa kwenye magome ya mzizi wa mtufaha mwaka 1835, na kwa sababu ni kichungu wakadhani ni dawa ya homa. Mwaka 1886 Mjerumani mmoja, von Mering, akawapa mbwa, mbwa wakaanza kukojoa sukari! Kumbe kinafunga mlango ambao figo inautumia kurudisha sukari kwenye damu. Ila ukikimeza chenyewe kinavunjwavunjwa tumboni na kinaharisha, kwa hiyo wanakemia wakakichonga upya wee mpaka zikapatikana dawa kama dapagliflozini, na hizi zinapunguza presha ndani ya kichujio chenyewe. Utafiti uliotoka 2020 ulikuwa na wagonjwa wa figo zaidi ya 4,000, wengine wana sukari wengine hawana, waliopewa dapagliflozini miligramu 10 kwa siku hatari ya figo kushuka vibaya au kufeli, au kufa kwa figo au moyo, ilipungua kwa asilimia 39. Hiyo ni pamoja na dawa zao zingine, hawakuziacha.

Hata metformini, dawa ya sukari anayomeza baba mdogo kila siku, ina ukoo na kiambata cha mmea mmoja wa Ulaya, galegini, ambacho chenyewe kilikuwa na sumu. Nayo figo zikishuka sana daktari anaisimamisha. Kurkumini na berberini, kiambata kingine cha mimea, bado havijathibitika, kazi nyingi imefanyika kwa panya na kwa watu wachache, na kurkumini mwili unaifyonza kidogo mno.

Afu kuna upande wa pili. Ubelgiji miaka ya 1990 mwanzoni kina mama walikunywa dawa za miti za kupunguza unene, ndani kulikuwa na asidi ya aristoloki, figo zikafa, wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na asidi hiyo ilitoka kwenye mizizi. Na hata majani yasiyo na sumu yanaweza kuwa na potasiamu nyingi, figo iliyochoka inashindwa kuitoa, moyo unapiga ovyo.

Baba mdogo akamuuliza jamaa nakunywa kiasi gani, akajibiwa kikombe asubuhi kikombe jioni. Kikombe gani? "Kikombe tu mzee."

Alinunua hivyohivyo, siwezi kumgombeza mzee sokoni. Ila amekubali asiifungue kwanza, ameiweka kwenye kapu pamoja na vidonge vyake amuoneshe daktari, kliniki ni Jumanne.