Je, wajua? Kwa nini makanisa ya kale ya vijijini Uingereza yana kuta nyeupe

Ukishuka treni katika stesheni ya Coulsdon South, kusini mwa London, ukapanda kilima cha Farthing Downs kisha ukateremkia bonde la Happy Valley, utatokea Chaldon. Ni kijiji cha mkoa wa Surrey chenye kanisa dogo lililojengwa kwa mawe ya gumegume. Matembezi yenyewe yanatosha kuwa safari: nyasi fupi, maua ya porini wakati wa kiangazi, na popote udongo ulipochubuka ardhi inang'aa nyeupe, kwa sababu vilima hivi ni chaki tupu. Na chaki ukiichoma kwenye tanuri unapata chokaa, kama mafundi wa pwani yetu wanavyoipata kwa kuchoma matumbawe.

Ingia kanisani. Kuta ni nyeupe, kama za makanisa mengi ya umri wake. Mgeni hudhani wazee wa zamani walipenda weupe. La hasha. Geuka uutazame ukuta wa magharibi.

Utakuta mchoro wenye upana wa zaidi ya mita 5, wa rangi nyekundu ya udongo na manjano, uliochorwa takriban mwaka 1200. Katikati inasimama ngazi ndefu, na roho za watu zimeikwea kama sisimizi, nyingine zinapanda na nyingine zinaporomoka. Juu ni wokovu: malaika ameshika mizani ya kupimia roho, na shetani hakosi kujipenyeza upande wa pili. Chini ni jehanamu. Mashetani wawili wanachochea chungu kilichojaa watu. Mla riba ameketi katikati ya moto, sarafu zinamtoka mdomoni. Pembeni, majitu mawili ya kishetani yameshikilia daraja la miiba ambalo mafundi wadanganyifu lazima walivuke. Mmojawao ni mhunzi anayefua chuma bila fuawe. Aliyesomeshwa chuoni habari za daraja la Sirati hatahitaji mkalimani hapo.

Jina la mchoraji halikuachwa popote, ila kazi yake inaeleweka. Ibada ilikuwa kwa Kilatini, na wakulima wengi hawakujua kusoma hata lugha yao. Ukuta ndio uliowahubiria. Na Chaldon haikuwa ya pekee: makanisa ya Uingereza ya Zama za Kati yalijaa rangi kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na mara nyingi juu ya tao lililo mbele ya waumini ilichorwa Siku ya Hukumu.

Zikaenda wapi rangi zote hizo? Mwaka 1534 mfalme Henry VIII alijitenga na Papa wa Roma. Mwanawe Edward VI, aliyerithi kiti mwaka 1547 akiwa na miaka 9 tu, alizungukwa na washauri wa Kiprotestanti walioona sanamu na michoro ya watakatifu kuwa ibada ya masanamu. Amri ikatoka mwaka huohuo: viondolewe, hata vilivyo ukutani. Dada yake Mary alijaribu kurudisha ya zamani, akafa mwaka 1558, na Elizabeth akaendeleza njia ya Kiprotestanti. Sasa jiweke mahali pa wazee wa kanisa la kijijini wenye fedha kidogo na amri mkononi. Kubandua lipu ya ukuta mzima ni kazi na gharama. Ndoo ya chokaa na brashi ni rahisi. Wakapaka, na juu ya weupe wakaandika Amri Kumi au wakachora nembo ya mfalme. Kila chokaa ilipofifia, ikapakwa nyingine.

Hapo ndipo ninapochekeshwa na historia. Chokaa iliyokusudiwa kufuta ndiyo iliyohifadhi. Tabaka moja juu ya jingine lilikinga michoro dhidi ya mwanga, masizi ya mishumaa na mikono ya watu. Mchoro wa Chaldon ulionekana tena mwaka 1869, mafundi walipokuwa wakitengeneza ukuta na kasisi akaona dalili za rangi, akawasimamisha.

Kwingine hapakuwa na bahati hiyo. Katika karne ya 19 watu walioyapenda makanisa ya kale waliamua kuyarudishia sura ya kale, na wengi wao waliamini kuwa ukale ni jiwe tupu. Wakabandua lipu, na michoro iliyokuwa chini yake ikaanguka sakafuni ikiwa vumbi. William Morris, msanii na mshairi wa Kiingereza, alichukizwa na ukarabati wa namna hiyo hata akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877. Kwa maoni yangu wapenzi hao waliharibu mengi ambayo maadui waliyaacha.

Kuna hata kasisi aliyerudia kosa la mababu. Pickering, mji mdogo wa North Yorkshire, michoro ya karne ya 15 iligunduliwa mwaka 1852. Yeye akaona itawatoa waumini kwenye sala, akaamuru ipakwe chokaa upya. Baadaye ilifunuliwa tena, na leo watu huitazama kisha wakaenda kwenye magofu ya ngome ya Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, iliyo mjini humohumo, au wakapanda treni ya mvuke inayokatiza nyika za Yorkshire.

Ukiingia kanisa lolote la kijijini lililopakwa weupe, anza na ukuta unaokabili mlango mkuu. Hapo ndipo alipozoea kuchorwa Mtakatifu Kristofa, jitu linalovuka mto likimbeba Yesu mtoto begani, kwa kuwa iliaminika kwamba atakayemwona asubuhi hatakufa kifo cha ghafla siku hiyo. Hata mtu mwenye haraka alichungulia mlangoni, akamwona, akaenda zake shambani. Kule Pickering mtakatifu huyo bado yupo, mkubwa kuliko wote ukutani.