Je, wajua kwa nini wema haufuti ubaya katika Fallout: New Vegas?

Nilipocheza Fallout: New Vegas kwa mara ya kwanza, kwenye kompyuta ya binamu yangu mjini Arua, Uganda, nilikiua kikosi kidogo cha askari wa NCR kwa sababu isiyo na heshima hata kidogo: nilizitaka bunduki zao. Baadaye nikatambua kwamba NCR, yaani Jamhuri Mpya ya California, ndilo kundi nililokuwa nimekusudia kuliunga mkono hadi mwisho wa mchezo, nikaamua kulipa fidia. Nilikwenda kwenye kambi yao iitwayo Forlorn Hope, nikatibu majeruhi katika hema la hospitali, nikafuatilia shehena ya vifaa iliyokuwa imepotea njiani, na kwa jioni kadhaa nikawa mtumishi wao mwaminifu. Kisha nikafungua Pip-Boy, kile kifaa cha mkononi kinachomwonyesha mchezaji hali yake, nikitarajia kujikuta mtu anayependwa. Badala yake nilikuta cheo ambacho kwa Kiswahili ningekiita Mkorofi Mwenye Tabasamu.

Nilisema kompyuta ina hitilafu. Binamu yangu, ambaye alikuwa ameumaliza mchezo huo mara mbili, alicheka akasema kompyuta haina neno, ila mimi ndiye ninayepiga hesabu isiyokuwapo.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, maelezo machache yanatosha. Ulitoka mwaka 2010, ukitengenezwa na studio ya Obsidian Entertainment, na hadithi yake inatukia mwaka 2281 katika jangwa la Mojave, miaka mingi baada ya vita vya nyuklia. Mchezaji ni tarishi aliyepigwa risasi ya kichwa na mtu aitwaye Benny, akafukiwa, akanusurika. Anapozunguka jangwani anakutana na makundi yanayogombania bwawa la Hoover na mji wa Vegas: NCR yenye jeshi na urasimu, Legion ya Caesar yenye watumwa na misalaba, Bwana House anayeutawala mji kwa roboti zake, na njia ya nne ya kuwakataa wote watatu.

Kosa langu lilikuwa la kudhani kwamba mchezo una mizani. Nilidhani kila kundi lina namba moja inayonihusu, wema unaipandisha na ubaya unaishusha, kwa hiyo mtu aliyezama akipanda kwa bidii atafika juu ya maji na hatimaye mahali pakavu. Dhana hiyo haikutoka hewani. Mtangulizi wake, Fallout 3 ya mwaka 2008, ulifanya kazi hivyo hasa kwa kutumia hesabu iliyoitwa karma: mstari mmoja, watakatifu upande huu na mashetani upande ule, na wewe ukiteleza katikati. Katika mchezo huo mtu aliweza kulipua bomu la nyuklia lililokuwa katikati ya mji wa Megaton, akaufuta mji mzima na watu wake, kisha akajirudishia hadhi yake kidogo kidogo kwa kuwapa ombaomba chupa za maji safi. Kwa macho ya karma, wakazi wa mji walioungua walikuwa na bei, na bei hiyo ilihesabika kwa chupa.

Mtu aliyefunzwa na mchezo wa namna hiyo huingia Mojave akiwa na roho ya mteja wa duka la mkopo. Sote tunalijua lile daftari la mwenye duka mtaani: umechukua sukari na sabuni, umeandikiwa elfu 12, umeleta elfu 5, zimebaki elfu 7, ukimaliza kulipa, jina lako linapigwa mstari na hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kudaiwa. Daftari la mkopo limetengenezwa ili lisahau, na hiyo ndiyo kazi yake nzima. Mimi niliichukulia NCR kama duka. Kila majeruhi niliyemtibu nilimwandika upande wa malipo, nikingoja siku ambayo mstari utapigwa.

Kosa hili ni gumu kuling'oa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mchezo wenyewe unalilisha. Karma bado imo ndani ya New Vegas, ikipanda na kushuka kama zamani, ingawa uzito wake umepungua sana. Mchezaji anaona alama ya karma ikitokea kwenye skrini, anaamini kwamba hiyo ndiyo inayosomwa na kila mtu, na hatambui kwamba askari wa NCR anayemkodolea macho anasoma kitu kingine kabisa. Nimewasikia wachezaji wenye uzoefu wakishauriana kwamba ukishakosana na kundi fulani, dawa ni kulitumikia mpaka lisahau. Nami nimewahi kumpa mtu ushauri huo, kwa kujiamini kulikopita kiasi, nikiwa tayari nimeshauona ule Mkorofi akitabasamu.

Hali halisi ni kwamba kila kundi lina namba mbili zinazokuhusu, na namba hizo hazizungumzi. Moja inakusanya sifa njema, nyingine inakusanya sifa mbaya. Tendo jema huongeza ile ya kwanza bila kuigusa ya pili, na tendo baya huongeza ya pili bila kuigusa ya kwanza. Katika matendo ya kawaida hakuna kutoa, kuna kujumlisha tu, mara mbili, katika madaftari mawili.

Mpira wa miguu unalieleza jambo hili haraka. Mchezaji aliyeonyeshwa kadi ya njano dakika ya 10 anaweza kufunga mabao matatu kabla ya mapumziko, akabebwa mabegani na mashabiki, lakini kadi haitoki katika kijitabu cha mwamuzi. Akirudia kosa, mabao yake yote hayatamwokoa na nyekundu. Wala kadi haiyafuti mabao. Mfano wa mpira, hata hivyo, hauonyeshi jinsi namba mbili zinavyogeuka kuwa neno moja juu ya mtu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Mfikirie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji huku Uganda, unapomwendea kuomba barua ya utambulisho. Anakumbuka kwamba ulichanga fedha za kutengeneza kisima. Anakumbuka pia kwamba mbuzi wako alimaliza maharagwe ya jirani na wewe ukakana mpaka kesi ikafika barazani. Hajumlishi kisima na mbuzi apate sifuri, kwa sababu sifuri maana yake ni mtu asiyejulikana, na wewe unajulikana sana. Anayaweka mambo hayo mawili pamoja na kupata picha ya tatu: huyu ni mtu mkarimu ambaye lazima umwangalie mbuzi wake. New Vegas inafanya hivyo hasa. Mtu ambaye hajafanya lolote na mtu aliyefanya mema na mabaya kwa kiasi kilekile wana vyeo tofauti, na mchezo unajua tofauti yao.

Sasa chukua ubao wa omweso, ule mchezo wa bao wa Uganda. Una mistari 4 yenye mashimo 8 kila mmoja, jumla 32. Ukate katikati, ubaki na nusu: mistari 4 kwa mashimo 4, yaani mashimo 16. Ndiyo idadi ya vyeo ambavyo kundi linaweza kukupa, maana kila moja ya zile namba mbili ina ngazi 4. Weka kete moja katika shimo la pembeni, juu kushoto. Hapo ndipo mgeni anapoanzia, hapendwi wala hachukiwi. Wema ukijaa kiasi cha kutosha, kete inasogea shimo moja kwenda kulia. Ubaya ukijaa, inashuka mstari mmoja. Katika omweso wa kweli kete huzunguka na kurudi zilikotoka, lakini katika ubao huu hakuna kurudi kushoto wala kupanda juu.

Ukishaliona hilo, fumbo langu la Arua linajieleza. Shimo la mtu anayependwa pasipo doa liko pembeni, juu kulia, na njia pekee ya kulifikia ni kutembea katika mstari wa juu kabisa mpaka mwisho. Bunduki za wale askari zilinishusha hadi mstari wa pili. Kuanzia hapo kila bandeji niliyofunga Forlorn Hope ilinisogeza kulia, ila ndani ya mstari wa pili, na mwisho wa mstari huo hakuna mpendwa. Kuna cheo ninachoweza kukitafsiri kama Mtundu Mwenye Moyo Mwema. Chini kabisa upande huohuo wa kulia kuna shimo ninalolipenda kuliko yote, la mtu aliyelitendea kundi mema ya kupindukia na mabaya ya kupindukia, ambaye mchezo, ukikosa neno la kiutu uzima, unamwita kama mtoto mtukutu.

Mfano wa mwenyekiti una mahali unapovunjika, na ni haki kupataja. Habari za mbuzi hutembea kwa miguu, mtaa wa tatu hauzijui. Mojave haina ucheleweshaji huo: ukionekana ukimuua askari wa NCR upande huu wa jangwa, mlinzi wa upande ule tayari ana maoni juu yako. Vilevile ngazi hazina urefu mmoja. Goodsprings, kijiji kidogo anakoanzia tarishi, hujaa upesi, na kuwalinda wanakijiji dhidi ya genge la wafungwa waliotoroka na baruti kunatosha kukupa jina pale, wakati NCR, kwa ukubwa wake, inahitaji mengi zaidi kabla kete haijasogea. Na yote haya ni ya mchezo huu. Mchezo mwingine, Skyrim, uliotoka tarehe 11 Novemba 2011, hauna madaftari ya namna hii kati ya pande zake mbili zinazopigana, Jeshi la Dola na waasi waitwao Stormcloaks. Huko watu wengi hudhani wamekwisha kuchagua upande pale Helgen, mji unakoanzia mchezo, wanapokimbia joka pamoja na Hadvar wa Dola au Ralof wa waasi, na hilo nalo si kweli: unaweza kukimbia na mmoja ukaapa kwa upande wa mwenziwe, na hata baada ya kiapo, taji unalotumwa kulitafuta unaweza kulipeleka kwa adui. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Je, hakuna msamaha Mojave? Upo, lakini hauna uhusiano na wema wako. Shauri la Benny likishakwisha na tarishi akatoka katika kasino ya Tops, Vulpes Inculta wa Legion humwendea, akamkabidhi Alama ya Caesar na kumwambia kwamba makosa yake dhidi ya Legion yamesamehewa. Wakati huohuo NCR nayo inamhitaji tarishi, na inakuwa tayari kufumba macho. Ukurasa wa ubaya unachanwa na mwenye daftari kwa sababu zake mwenyewe. Kwa Waganda wanaoikumbuka Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, iliyowafungulia njia waasi waliokubali kuacha bunduki, tofauti kati ya kusamehewa kwa tangazo na kulipa kosa kwa matendo haihitaji maelezo marefu.

Limebaki swali la upande, ambalo ndilo lililonifanya nihangaike na cheo tangu mwanzo. Nilidhani cheo changu kingenichagulia kundi. Hakichagui. Cheo kinaamua kama unapokewa kwa salamu au kwa risasi, na kama unaaminiwa ufunguo wa nyumba salama. Upande wenyewe unaamuliwa na kazi unazozikubali. Unaweza kupendwa na NCR huku ukipokea maagizo ya Caesar kwa muda mrefu tu, mpaka ufike hatua ambayo mchezo unakuonya waziwazi kwamba ukiendelea kundi la pili litakuwa adui yako. Onyo hilo halitazami ubao wa mashimo 16 hata kidogo. Mkorofi na mpendwa wanalipata kwa maneno yaleyale.

Na kwa aliyeharibu madaftari yote, waandishi wa mchezo wameacha njia moja wazi kwa makusudi. Ile njia ya nne inaongozwa na roboti aitwaye Yes Man, ambaye hajali sifa zako na anakubali kila unachomwambia kwa uchangamfu unaoudhi. Makundi mengine yote unaweza kuyafanya maadui. Yeye huwezi hata kumuua, kwa maana ukivunja mwili wake anahamia katika mwili wa roboti mwingine na kurudi akitabasamu kwenye skrini yake, bila kinyongo. Nilimpiga risasi mara mbili ili kuhakikisha.