Si kila samaki wa jiwe ni Knightia

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya samaki mdogo aliyelala ubavu kwenye jiwe la rangi ya maziwa, na ujumbe wa mstari mmoja: "Hii ni Knightia, sivyo?" Hakuna rula pembeni. Hakuna picha ya ukingo wa jiwe. Mwenye kisukuku hicho amekirithi, hajui kilichimbwa wapi, ila jina tayari analo.

Najua jina linatoka wapi. Knightia, samaki wadogo wa kale wenye umbo la dagaa, wamefukuliwa kwa wingi mno katika matabaka ya Green River, Wyoming, Marekani, yenye umri wa miaka kama milioni 50, na wanauzwa kila mahali. Lakini wingi si ushahidi! Umbo la dagaa limejirudia mara nyingi katika historia ya samaki: kuna Lycoptera wa Liaoning, China, waliowatangulia Knightia kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na kuna Dastilbe wa Crato, Brazili. Kwa mbali wote wanafanana.

Basi achana na umbo, nionyeshe mapezi. Kwa Lycoptera, pezi la mgongo limesogea nyuma sana, karibu mkabala na pezi la mkundu. Kwa Knightia liko katikati ya mwili, na ukingo wa tumbo una safu ya magamba magumu yenye ncha, kama meno ya msumeno. Diplomystus, anayetoka matabaka yale yale ya Wyoming, ana pezi la mkundu refu na mdomo unaotazama juu.

Kinachonichosha zaidi ni hii imani kwamba rangi ya jiwe inataja nchi. Rangi hubadilika kwa hewa, maji na chuma kilichomo ndani, na wauzaji wengine hupaka vanishi, hata rangi, ili mifupa ing'ae. Jiwe lina ushahidi, ila si kwenye rangi. Tazama ukingo: matabaka ni membamba kiasi gani, chembe ni laini au za kukwaruza? Tazama nani mwingine amezikwa humo. Ukiona mdudu mchanga wa majini aitwaye Ephemeropsis, au vigamba vya Eosestheria (mnyama mdogo wa jamii ya kamba), waliozikwa pamoja na Lycoptera, kando ya samaki wako, mawazo yahamie China kabla ya Wyoming. Kipande kidogo kutoka upande wa nyuma kinaweza kuwa na chavua au ostrakodi (wanyama wadogo sana wenye gamba, wa jamii ya kamba), na hivyo hutaja umri wa mwamba vizuri kuliko samaki mwenyewe. Na tafadhali, usisafishe kwa siki: asidi hula chokaa.

Hata mapezi yana mtego. Safu ya magamba ya tumbo ikikosekana, huenda haikuwepo, huenda ilioza kabla samaki hajafunikwa na tope. Siwezi kutofautisha hayo mawili kwa picha. Niliwahi kuandika Knightia kwenye kielelezo kimoja, kisha tumbo liliposafishwa pezi la mkundu likaendelea na kuendelea. Alikuwa Diplomystus mchanga. Tangu hapo, mara nyingi naishia "teleosti, jenasi haijulikani", yaani samaki wa mifupa ambaye kundi lake dogo halijulikani, na watu hukasirika.

Huyu wa wiki hii, tumbo lake limefunikwa na vanishi. Ninachohitaji ni picha ya ukingo, picha ya nyuma, na moja yenye mwanga unaotoka ubavuni. Jina litasubiri.