Kibao kilichosimama huangukaje? Dhana potofu na ukweli

Karibu kila mtu amewahi kuangusha kibao kilichosimama, na huenda ndiyo maana maelezo ya jambo hili huwa mengi na ya haraka. Baadhi yake hayasimami yakipimwa. Tutumie domino yenye kimo cha milimita 48, upana wa milimita 24 na unene wa milimita 7.5.

“Kibao kizito huinama zaidi kabla ya kuanguka.”
Hapana. Uzito huamua kani ya kukisukuma, hauamui pembe. Kibao hupinduka pale mstari wima unaoshuka kutoka kitovu chake cha uzito (nukta ambayo uzito wote ni kana kwamba umekusanyika hapo) unapovuka ukingo kinaouegemea. Kabla ya hapo graviti inakirudisha mahali pake. Baada ya hapo graviti ileile inakiangusha. Kama kibao ni cha kitu kimoja kote, tanjenti ya pembe hiyo ni unene ukigawanywa kwa kimo. Kwa domino yetu ni 7.5 kwa 48, yaani takriban nyuzi 9. Iwe ya mbao au ya risasi, pembe haibadiliki.

“Lazima kifike nyuzi 45.”
Hiyo ni ya mchemraba. Domino ikisukumwa usoni hupinduka ikifika nyuzi 9. Ikisukumwa ubavuni, ambako kitako kina milimita 24, hupinduka karibu na nyuzi 27.

“Ukisukuma kwa nguvu ya kutosha, kitaanguka tu.”
Kinaweza kuteleza kikiwa bado kimesimama wima. Hapa kuna mashindano kati ya msuguano unaozuia kitako kisiteleze na uzito unaozuia kibao kisipinduke. Tuseme msuguano kati ya domino na meza unafikia 0.4 ya uzito wake. Ukiisukuma usoni polepole chini ya milimita 9 hivi kutoka mezani, itateleza. Ukipanda juu ya hapo, itapinduka. Ubavuni mpaka huo uko milimita 30 juu, zaidi ya nusu ya kimo chote. Kwa hiyo swali la kwanza ni unasukuma wapi. Nguvu kiasi gani linafuata. Kwenye ncha ya juu, usoni, kani ya asilimia 8 tu ya uzito wa domino inatosha kuinua ukingo wa nyuma.

“Kitovu cha uzito kikishuka, kibao huwa kigumu zaidi kukiinua.”
Hii huwanasa hata waliosoma fizikia, kwa sababu nusu yake ni kweli. Chukua vibao viwili vyenye umbo na uzito sawa, kimoja kikiwa na uzito mwingi karibu na kitako. Kani ya kuanza kuinua ukingo ni ileile kwa vyote viwili, maana inategemea uzito na umbali wa mlalo kutoka kitovu hadi ukingo, na umbali huo haujabadilika. Tofauti huanza baadaye. Chenye kitovu cha chini kitainama pembe kubwa zaidi kabla ya kupinduka, na kitahitaji nishati zaidi kufika huko. Kushusha kitovu hakuzuii kibao kuanza kuinuka, kunakipa nafasi ya kurudi.

“Vibao vya umbo moja vina uthabiti sawa, viwe vidogo au vikubwa.”
Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa pembe inaonekana kulithibitisha. Pembe kweli ni moja. Lakini ili kipinduke, kitovu cha kibao lazima kwanza kipande kidogo. Katika domino yetu kinapanda milimita 0.29 tu! Kibao cha umbo hilohilo chenye kimo cha mita 4.8 kinahitaji milimita 29, mara mia zaidi, na msukumo wa ghafla utakaokiangusha lazima ukipe mwendo mara kumi zaidi. Domino huanguka kwa mtikisiko mdogo wa meza kwa sababu ni nyembamba, na pia kwa sababu ni ndogo.

Mhandisi George Housner wa Marekani alilieleza hili mwaka 1963, baada ya tetemeko la Chile la 1960, ambako matangi ya maji yaliyosimama juu ya nguzo ndefu yalinusurika huku majengo yaliyoonekana imara zaidi yakiharibika. Mtikisiko unaoweza kuinua ukingo wa kitu kirefu si lazima uweze kukipindua, kwa kuwa ardhi hugeuza mwelekeo kabla hakijafika mbali.

“Kibao kidogo hakiwezi kuangusha kikubwa kukizidi.”
Kinaweza, na sababu iko kwenye milimita zile 0.29. Domino ikishavuka kilele, yaani pale kitovu kinapokuwa juu kabisa ya ukingo, kitovu chake hushuka zaidi ya milimita 20 hadi ilale. Inatoa nishati takriban mara 70 ya ile iliyohitajika kuifikisha kileleni. Mwaka 1983 Lorne Whitehead wa Canada alieleza mfululizo wa domino 13, kila moja ikiwa kubwa takriban mara 1.5 kuliko iliyotangulia. Kwa hatua hiyo nishati ya kupindua inayofuata huongezeka kama mara 5. Nishati nyingine hupotea zinapogongana na kusuguana, lakini kati ya 5 na 70 pana nafasi tele.