Mechi ya Kirafiki Haiondoi Ukabila

Uchaguzi ukikaribia, hapa Nakuru kila mtu anataka kuandaa mechi ya watoto. Kanisa, kikundi cha vijana, mwaniaji wa kiti cha wadi: wote wana wazo lile lile, na kila mmoja anadhani ni lake. Timu moja itoke mtaa wa Kaptembwo, nyingine mtaa wa Bondeni, soda, hotuba mbili za amani, picha, kwaheri. "Watoto hawana ukabila," wanasema. "Wakikutana tu, watazoeana."

Haya, twendeni Sondu. Soko lile liko mpakani mwa Kisumu na Kericho. Wajaluo na Wakipsigis hukutana pale kila siku ya soko, wanauziana, wanakopeshana, wanajuana kwa majina. Na bado mapigano yamezuka pale mara kwa mara, watu wakauawa. Kama kukutana kungetosha, Sondu ingekuwa tulivu kuliko miji yote ya Kenya.

Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka kambini wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11, wa rangi moja, dini moja na familia za hali moja. Wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa michezo na zawadi. Haikuchukua siku nyingi wakaanza kuchomeana bendera. Walipoletwa pamoja kula, walirushiana chakula. Kilichowatuliza ni shida ambazo kundi moja lisingeziweza: maji yalikatika ikabidi wote watafute hitilafu, lori likagoma wakalivuta kwa kamba. Jaribio hilo lina lawama zake, maana watafiti wenyewe walichochea ugomvi, kwa hiyo silishiki kama msahafu. Lakini anayeandaa mechi ya mtaa dhidi ya mtaa anarudia nusu ya kwanza ya jaribio lile, kisha anaenda nyumbani.

Siku ya utamaduni nitaipita haraka kabla presha haijapanda. Mtoto ambaye wiki nzima alijulikana kama kipa hodari anavikwa ngozi na kuambiwa asimame "na watu wenu". Hapo umemfundisha nini hasa?

Watoto wanapaswa kuhitajiana. Mwanasaikolojia mwingine, Elliot Aronson, alilipanga jambo hili vizuri katika madarasa ya Austin, Texas, mwaka 1971, shule za huko zilipokuwa zimeanza kuchanganya watoto weusi na weupe: kila mtoto anashika kipande kimoja cha somo ambacho wenzake hawana. Mtaani kwetu, badala ya somo, chukua mtaro ulioziba. Watoto 24 wa miaka 9 hadi 12, makundi manne ya sita. Katika kila kundi mmoja anapima mtaro kwa kamba yenye mafundo ya kila mita, wa pili anahesabu mahali palipoziba, wa tatu anazungumza na mama mboga aliye kando ya mtaro, wa nne na mwangalizi wa ploti (nyumba za kupanga), wa tano na mzee wa mtaa wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama, wa sita anafuata maji taka yanakoishia. Kisha wanne wenye kazi moja wakae pamoja dakika 15, wasahihishane. Ndipo kila mmoja arudi kwenye kundi lake, apewe dakika tatu bila kukatizwa, na kundi lichore ramani moja. Asiposikilizwa yule mwenye kamba, ramani haina vipimo. Huhitaji hotuba.

Sasa, kupanga makundi. Hapa ndipo walezi wengi huharibu. Usiulize kabila la mtoto, usiliandike hata kwenye daftari lako la siri. Usilikisie kwa jina pia. Nakuru mtoto anaweza kubeba jina la nyanya yake mzaa mama na asijue neno moja la lugha ya baba. Changanya kwa ploti, kwa shule, kwa kanisa na msikiti. Hakikisha hakuna mtoto aliye peke yake wa mahali fulani, awe na angalau mwenzake mmoja, la sivyo atageuzwa msemaji wa "watu wao". Watatu wakianza kuzungumza lugha ya nyumbani, usiwapige marufuku. Unawafundisha kuionea aibu, na wengine kuicheka. Waambie tu mwenzenu hajapata hiyo habari, na ramani inaingoja. Watabadilisha wenyewe.

Mtu mzima akileta zawadi ya "kundi bora", mrudishie au zigawanywe sawa. Wasichana wakipewa ufagio na wavulana kalamu, badilisha kazi siku hiyo hiyo. Mtoto anayesitasita asimaliziwe sentensi na mlezi. Hapo ndipo subira inapojifunzwa, na walezi ndio wenye haraka. Tusi likitoka, simamisha kazi, muulize aliyetukanwa anataka nini kifanyike. Kulazimisha "semeni pole, shikaneni mikono" kunamfundisha mkosaji kwamba amani ni nafuu.

Je, inadumu? Sina hakika. Mtoto anaweza kumpenda mwenzake wa kundi na bado aseme "huyu si kama wengine wao". Ndiyo maana ninabadilisha makundi kila baada ya wiki nne, awajue wengi, lakini sidai kwamba hilo linatosha. Na yanayosemwa mezani nyumbani yana nguvu kuliko Jumamosi zangu na watoto hawa. Uchaguzi wa Agosti 2027 utatupima.

Kuhusu uraia: wimbo wa maadili ya Ibara ya 10 ya Katiba watoto wanaujua vizuri, na hauwafanyi lolote. Ushiriki wa wananchi huanza ramani ikitoka mikononi mwao. Wape kazi ya kumwandikia msimamizi wa wadi barua ya ukurasa mmoja: mtaro uko wapi, urefu wake, umeziba mahali pangapi, wanaomba nini. Waambieni mapema kwamba huenda asijibu, wasije wakadhani wamekosea. Barua ipelekwe na watoto wawili wa makundi tofauti pamoja na mtu mzima mmoja, wakiwa na nakala mbili, na ya kwao igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku 14 zikipita kimya, andikeni ya pili na kuambatisha nakala ile yenye muhuri.