Je, wajua? Kuna mashamba ya dengu yanayotunzwa ili yaendelee kuugua

Mwambie mkulima wa dengu wa Magu au Kwimba kwamba kuna watu wanalitunza shamba lisipone, atakucheka. Yeye ugonjwa anaukimbia. Mvua za masika zikielekea ukingoni hupanda dengu kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonasa jembe, zikue kwa unyevu uliobaki. Wiki ya tatu au ya nne anakuta miche imelala chini, majani bado ya kijani, kana kwamba kuna aliyepita na fimbo usiku.

Chukua wembe, pasua bua kwa urefu. Katikati kuna mstari wa kahawia, wakati mwingine mweusi kabisa. Hiyo ndiyo mishipa ya kupandisha maji, na imezibwa na fangasi aitwaye Fusarium oxysporum aliyeingilia mizizini. Mmea unakufa kwa kiu huku udongo una maji. Ukipuliza dawa majani, unajisumbua bure: adui yuko ardhini, na anaweza kukaa humo hata miaka 6 bila kuona dengu.

Inabaki mbegu. Sasa, utaijuaje mbegu isiyonyauka? Ukiipanda shamba safi itastawi, lakini huenda ni bahati tu. Ndiyo maana watafiti huchukua kipande cha ardhi, wakafukia humo mabaki ya dengu zilizokufa, wakapanda tena dengu dhaifu msimu baada ya msimu, hadi fangasi aenee kila kona. Hapo ndipo aina mpya huingizwa mtihanini.

Kila baada ya mistari michache hupandwa mbegu inayojulikana kuwa haina ubavu. Huko Patancheru, India, yaliko makao ya ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya nchi kame, kazi hiyo ya kufa hupewa mbegu iitwayo JG 62. Isipokufa yenyewe, majibu ya mistari jirani hayaaminiki. Ikisha kunyauka, miche iliyokufa katika kila aina huhesabiwa, tangu michanga hadi inapokaribia kukomaa. Isiyozidi asilimia 10, aina hiyo huitwa imara.

Mimi naona utamu wa jambo uko hapa: fangasi huyu ana makabila yake, yanayotofautiana kutoka nchi hadi nchi. Mbegu iliyosimama wima India inaweza kulala Misungwi. Aina kama Mwanza 1, Mwanza 2 na Ukiriguru 1 asili yake ni mbegu za ICRISAT, lakini ilibidi zijaribiwe kwetu kwanza kabla ya kupewa majina hayo.

Na mbegu iliyofaulu mnyauko haijafaulu yote. Kuna mwozo mkavu wa mizizi, unaoletwa na fangasi mwingine anayependa joto na ukame, nao hubisha hodi dengu zikiwa kwenye maua na vitumba. Kwa huo kuna shamba jingine la wagonjwa.