Mafunzo kwa watu wenye ulemavu yaanzie kazini

Kijana kiziwi anahitimu ushonaji, anapewa cheti, kisha anazunguka viwandani miezi kadhaa na bahasha ya kaki mkononi. Mlinzi getini anamuuliza jambo, haelewi, anapungiwa mkono aondoke. Ufundi anao, ila hakumfikia mtu wa kuuona. Sisi wa mafunzo ya ufundi tunakutana na vijana wa namna hii kila mwaka, ndiyo maana nahimiza uanagenzi: mwanafunzi ajifunze darasani kwa kiasi, na muda mwingi awe kiwandani, hotelini au karakanani chini ya fundi mzoefu. Mwajiri anamwona akiwa kazini kabla ya kuamua kumwajiri, na vikwazo halisi vinajitokeza mapema.

Nilimfuatilia binti mmoja kiziwi kwenye karakana ya ushonaji. Wiki ya kwanza msimamizi aliniambia, "Huyu binti hasikii," akimaanisha ni mkaidi. Tulikaa pale asubuhi nzima tukaona kinachotokea: maagizo yalitolewa kwa kupaza sauti kutoka nyuma, naye ameinamia cherehani. Meza yake ikageuzwa aelekee mlangoni. Sampuli ya kila oda ikatundikwa mbele yake, vipimo vikiwa vimeandikwa kwa kalamu nene. Wenzake wakajifunza alama chache: mkasi, uzi, subiri, haraka, sindano imevunjika. Mwezi wa pili yeye ndiye aliyemwonyesha mgeni namna ya kupachika zipu. Kazi yote hiyo haikuhitaji bajeti.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Jibu ninalolisikia sana ni kwamba wenye sifa hawapatikani. Pokeeni wanagenzi, muwafundishe kazi yenu wenyewe, sifa hizo zitapatikana humohumo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao katika Ibara ya 27 unataja mafunzo ya ufundi na kupata uzoefu kwenye soko la kawaida la ajira, bega kwa bega na wengine.

Maandalizi yanategemea mtu, kwa hiyo muulizeni mwenyewe, msimuulize ndugu aliyemsindikiza. Asiyeona anaweza kufanya kazi za ofisini kwa kompyuta yenye NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Mwenye ualbino asipangiwe kazi ya juani, na meza yake isitazamane na dirisha lenye mwanga mkali. Kwa anayetumia kiti mwendo, kabla hamjafikiria mashine, pimeni upana wa mlango wa choo. Nimeona mafunzo yakikatika kwa sababu ya mlango huo tu.

Wazazi, msikubali mtoto wenu awekwe mwaka mzima "anajifunza" bila karatasi yoyote. Makubaliano yaandikwe: muda wa mafunzo, jina la fundi anayemsimamia, bima, posho, na nini kitafuata akimaliza. Nauli nayo iangaliwe kwa makini. Mwenye kiti mwendo mara nyingi huachwa na daladala kituoni, analazimika kuchukua bajaji kwenda na kurudi. Posho yake ikipigiwa hesabu ya daladala, ataacha kuja kabla mwezi haujaisha.